Tone Jekundu la Mama Katungu

Solange aliingia dukani kwa Mama Katungu akiwa amekumbatia kompyuta yake. Mashine hiyo ndiyo iliyomlisha. Aliketi nayo chini ya mwavuli karibu na chuo, akiwapigia wanafunzi chapa mémoire zao za kuhitimu, na kazi nyingine hakuwa nayo. Sasa skrini ilikuwa imekufa. Bahati nzuri garantie ya duka ilikuwa haijaisha, na Mama Katungu alijulikana kwa kubadilisha mashine bila ubishi, mradi mnunuzi hajaifungua. Kila aliyoiuza aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu. Tone likivunjika, garantie nayo imekwenda na maji.

Na Solange alikuwa ameifungua.

Nani asingefungua? Jirani yake pale mwavulini alichoma samaki kutwa nzima, na moshi, majivu na mafuta vyote vilihamia kwenye feni, mpaka mashine ikawa inamuunguza mapaja. Basi Solange akakwangua kwa kisu mafuta yaliyoganda chini yake, akafungua skrubu, akasugua feni kwa mswaki. Kazi safi, tuseme ukweli. Mashine ilipoa. Wakati wa kufunga ndipo alipogundua kwamba tone lilikwanguliwa pamoja na mafuta, na hakukumbuka lilikuwa wapi.

Kisha juzi umeme ukarudi kwa kishindo, kama ulivyozoea, na skrini ikazima. Leo asubuhi Solange akakimbilia sokoni, akanunua kichupa cha rangi nyekundu, akapaka skrubu zote asije akakosea. Iliyobaki akajipaka kucha, maana kutupa ni dhambi.

"Iko na shida gani, Solange?"

"Ni écran, mama. Courant ilirudi na nguvu, basi ikazimika."

"Hukuifungula?"

"Hapana, mama."

Uongo ulitoka mwepesi mno, na jambo hilo lilimtisha. Mama Katungu alivaa miwani, akaipindua mashine, akaitazama kwa muda mrefu. Nje mwanamke alibishana na mtu wa toleka, teksi ya baiskeli, juu ya mzigo wake.

"Bon. Vernis iko," alisema, akiitazama ile rangi nyekundu.

Mama Katungu alishusha kartoni mpya kutoka kwenye rafu, akaiweka mezani. Solange alishusha pumzi, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea. Mama Katungu hakuiachia. Alikuwa akizitazama zile kucha nyekundu za Solange, kisha skrubu nyekundu za mashine.

"Mimi natiaka vernis ku vis moja tu, ile ya katikati," alisema polepole, akionyesha skrubu ya katikati. "Hizi zingine, ni nani alizipaka?"

Solange alikunja vidole. Aibu ilimwaka hadi masikioni.

"Mashine yote inanuka moshi ya samaki. Ungeniambia tu, tungetafuta namna. Hata mimi nafungulaka zangu." Mama Katungu alirudisha kartoni rafuni. "Lakini umenitazama ku macho, ukanidanganya."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa bisibisi, akaisukuma mbele ya Solange.

"Shika. Sasa fungula, utengeneze mwenyewe. Garantie imekufa, hakuna tena mutu wa kukukataza."

Solange aliichukua, akaketi juu ya kreti ya bia, mashine mapajani. Kwenye skrubu ya kwanza rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri.