CD ya Kwaya Hurudishwa Safi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakunipiga hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za shangazi mkatili hungoja fimbo, nami sina fimbo ya kuwaonyesha. Alikuwa mwanamke wa kanisa, wa kitenge kilichopigwa pasi, na ubaya wake wote aliufanya kwa adabu.

Miaka hiyo nilifanya kazi katika duka la fotokopi mjini Cyangugu, kando ya barabara inayoshuka mpakani. Tulikuwa na kompyuta moja ya kuchomea CD, yenye programu ya bure ambayo bosi aliipakua mtandaoni, yote kwa Kifaransa. Wateja wetu wakubwa walikuwa wanakwaya. Kwaya ya parokia yetu haikujua studio ni nini. Mwalimu alirekodi mazoezi kwa kinasa sauti kidogo, mimi nikachoma wimbo kwenye CD za kufuta, zile zinazoandikwa upya, na waimbaji wakazipeleka nyumbani kujifunza sauti zao. Wimbo ukishaingia kichwani, mwimbaji anapitisha CD dukani inafutwa, anairudisha kwa mwalimu, inachomwa wimbo mwingine. Kinasa nacho kilifutwa vivyo hivyo. Hakuna aliyetunza kitu, na hakuna aliyeona kasoro, maana kwetu wimbo hukaa ndani ya watu.

Sharti lilikuwa moja: CD hurudishwa safi, kama sufuria ya jirani. Aliyeirudisha ikiwa na wimbo alichekwa sawa na mtu aliyerudisha sufuria na ukoko. Tena mwalimu alitaka ifutwe kabisa. Programu ile ilikuwa na njia mbili: ya haraka, inayofuta orodha ya nyimbo tu na kuacha sauti zenyewe mahali pake, na ile kamili, inayopita juu ya CD nzima polepole. Ya haraka, alisema mwalimu, ni kufagia takataka chini ya mkeka.

Mama alikufa akiwa na CD moja nyumbani. Alikuwa muuza nyanya, akivuka mto wa mpakani kwa daraja la Rusizi II kila asubuhi kwenda Bukavu alikozaliwa, na katika kwaya ndiye aliyeanza wimbo peke yake, wengine wakamwitikia. Zamani nafasi hiyo ilikuwa ya shangazi. Mwalimu alimwondoa akamweka mama, wifi yake, mwanamke wa kuja toka ng'ambo ya mto, na siku hiyo shangazi alimkumbatia mama mbele ya kwaya nzima. Kikulacho ki nguoni mwako.

Simu ya mama ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo sauti yake haikuwepo popote duniani ila kwenye CD ile, nami niliitaka. Katika vitu vyake vyote sikutaka kingine. Vitenge wagawane, mabeseni wagawane, nilichotaka ni kumsikia mama.

Wakati wa matanga shangazi aliibeba pamoja na redio ya mama ya kuichezea, akisema wageni wana mikono mirefu. Nilimfuata kwake majuma mengi. Leo ana wageni, kesho ufunguo hauonekani, keshokutwa anaumwa kichwa. Nilimwomba anipe kidogo tu, niinakili kwenye kompyuta ya kazini, nimrudishie siku hiyo hiyo.

"Mutoto wangu, unakimbiza nini?" alinijibu. "Mama yako hatatoka tena kule."

Kisha asubuhi moja baba alinikuta nikivaa viatu. Baba hakuwahi kumkatalia dada yake, ambaye sisi watoto tulimwita Tantine, jambo lolote. "Tantine atafika ku kazi yako leo," aliniambia. "Ile CD ni ya kwaya, banaitaka. Ufanye vile atakuambia."

Alifika akiwa na sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, ndani ya karatasi. Akaketi kwenye benchi la wateja, akaitoa CD kwenye mkoba, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Kitu ya batu inarudishwaka safi," alisema. "Futa."

"Tantine, acha kwanza niikopi. Dakika kidogo tu."

"Sauti ya mufu unaiweka mu mashini ya batu? Futa."

Niliiingiza. Nikajidai natafuta programu, kumbe nafungua faili ninakili. Sikujua kama amesimama nyuma yangu. Kidole chake chenye mafuta ya sambaza kilipita begani kwangu, kikabonyeza kitufe, CD ikatoka nje. "Sikukuomba kuifungua," alisema taratibu. Bosi wangu alikuwepo, akaona, akageuka kuangalia barabara.

Basi nikachagua ile ya haraka. Nilikuwa nimesikia kwamba CD iliyofutwa hivyo mtu mjuzi anaweza kuifukua, na nilijua mwalimu ataileta tena mikononi mwangu niichome wimbo mpya. Mashine ilivuma kidogo ikanyamaza. Nikampa uso wa huzuni, na moyoni nilikuwa nacheka.

Hakuipokea. "Hii ni ile ya haraka. Nilikuwaka mu kwaya mbele ya mama yako kuingia, mi najua. Tia ile ya complet."

Nilibonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ukaanza kutambaa, na shangazi akakaa kuungojea. Umeme wetu, ambao hukatika hata mtu akipiga chafya, siku hiyo ulitulia kabisa. Alikula sambaza moja moja, akitoa vichwa na kuvipanga ukingoni mwa karatasi. Alinisimulia jinsi foleni ya mpakani ilivyokuwa ndefu, na mama mmoja alivyomwaga maziwa yake yote mbele ya askari. Alicheka. Akaninyooshea karatasi nichukue sambaza.

"Kula. Umekonda."

Nilipoanza kulia alisema tu, "Panguza machozi, ba-client banaingia."

Ilipokwisha alitaka iwekwe ichezwe. Hapakuwa na cha kucheza. Akainama hata hivyo, akatega sikio kwenye spika, akasikiliza ule ukimya kwa makini. Akaridhika, akaifunika CD kwa leso safi, akaondoka. Watu waliniambia maji yakimwagika hayazoleki. Ningependa kuwauliza kama na wao waliwahi kushikishwa mtungi wakaambiwa wamwage.

Haikupita muda shangazi akarudishiwa nafasi yake. Jumapili ya kwanza nilikaa kanisani na baba, nimeinamisha kichwa, maana sikutaka kumwona amesimama pale. Akaanza kuimba, na aliyetoka kinywani mwake alikuwa mama.

Sisemi alifanana naye. Mama alikuwa na kasoro yake: alivuta pumzi katikati ya neno, mahali ambapo hakuna mwimbaji anayevuta, halafu akaishusha sauti ikakwaruza kidogo kabla ya kupanda. Shangazi hakuwahi kuimba hivyo maisha yake yote. Sasa alivuta pumzi palepale, akakwaruza palepale. Majuma yale yote aliyonizungusha na ufunguo alikuwa amejifungia na mama, akijifunza, na alipomaliza kujifunza ndipo alipokuja dukani.

Baba alinishika mkono kwa nguvu. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Sikia," alisema. "Njo yeye kabisa, mama yako."

Baada ya misa alimkumbatia dada yake nje ya mlango, akamwambia amemrudishia mke wake. Shangazi alinitazama juu ya bega la baba.

"Ukimukumbuka mama yako," aliniambia, "ukuje ku mazoezi."

Namchukia mpaka leo. Nilikwenda. Kila siku ya mazoezi nilikaa benchi la nyuma nikafumba macho, nikamsikiliza mpaka alipomaliza.