Ubishi wa Fainali

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa kibichi hunirudisha mtaani kwetu Biryogo, kwenye kibaraza cha mama, aliyekuwa fundi cherehani. Alasiri moja tulijaa pale watoto wa mtaa mzima, magoti yana vumbi, tukibishana juu ya katuni ya watoto wanaofuga madubwana na kuyapiganisha. Fainali ilikuwa imeonyeshwa mchana ule. Ndege wa radi alikuwa bado amesimama, bawa limevunjika, ndipo mfugaji wake alipomwita atoke uwanjani. Kombe likaenda kwa mwenye kobe wa mawe.

"Mwoga yule," alisema kaka yangu. "Lilibaki pigo moja tu!"

"Oya, ndege angeanguka!" alidakia mtoto wa jirani. "Kobe alikuwa hajachoka."

Binamu yangu alikaa karibu na kapu la vipande vya vitambaa. Tangu aletwe kwetu baada ya mazishi ya mama yake, hakuwa amesema neno, nasi tulishazoea kumpita kama kiti.

"Alimwita kwa sababu alikuwa anaumia," alisema.

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Cherehani ilinyamaza. Mama hakugeuka, alishika tu ukingo wa meza, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano.

Kaka alimtazama binamu.

"Na kombe je?" akamuuliza.

"Kombe si kitu," alijibu, na ubishi ukaendelea hadi adhana ya magharibi, yeye akipiga kelele kuliko sisi sote.