Viatu Visivyonunuliwa Hapa

Bi Notburga Ennemoser anawajua watu wa Obergand, kijiji chetu cha milimani kwenye theluji, kwa miguu. Ukimtajia jina atakunja uso akitafuta kichwani, lakini vua soksi uketi kwenye benchi lake, na papo hapo atakwambia wewe ni mtoto wa nani, baba yako alivunjika kifundo mwaka gani, na kidole chako kidogo umekirithi kwa nani. Amekuwa akivisha watu viatu vya skii tangu alipoolewa, na sasa ana miaka sitini na minne. Mumewe, Leonhard, ndiye aliyekuwa wa skii zenyewe, zile jozi ndefu za kutelezea theluji: kunoa, kupaka nta, kufunga vibano vinavyoshika kiatu. Leonhard alidondoka mbele ya mashine ya kunoa miaka sita iliyopita, akiwa na skii ya mtu mkononi. Mwenye skii alisubiri hadi baada ya mazishi ndipo akaja kuiulizia. Watu wana adabu huku.

Mimi nafanya kazi ng'ambo ya barabara, kwenye duka la kukodisha skii lililo chini ya lifti inayopandisha watu mlimani. Ndiyo, duka lenyewe lililomkaushia wateja. Mlango wetu unajifungua wenyewe na muziki unapigwa kutwa. Wake una kengele ya shaba, na zipo siku nilizoihesabu ikilia mara mbili, moja ikiwa ni yeye anatoka kukung'uta zulia.

Haikuwa hivi. Zamani familia nzima ilikuja kabla ya Krismasi, baba, mama na watoto watatu, wakaondoka na skii ndefu kuliko mlango wa nyumba yao. Kisha zikaja mbao za theluji, ubao mmoja kwa miguu yote miwili, vijana wote wakataka kusimama ubavu kama watu walio kwenye foleni, na Leonhard akatoa nusu ya ukuta wake kwa ajili yao. Vijana wakazeeka magoti, mbao zikabaki zinatazamana. Zikaja skii fupi zenye kiuno, nyembamba katikati, watu wakatupa zile ndefu, mwaka ule Leonhard alinunua gari jipya. Zikaja kofia ngumu. Halafu, bila mtu kupiga mbiu, watu wakaacha kununua. Wakaanza kukodi. Anayekodi habebi kitu kwenye treni, na mtoto wake akikua ni shida yetu, si yake.

Waliobaki kununua ndio waliomuumiza zaidi. Waliingia, wakaketi kwenye benchi, Bi Notburga akapiga magoti, akajaribisha jozi tano, saa nzima, mpaka akapata kiatu kilichoshika kisigino bila kubana vidole. Mteja akasema, "Ngoja nikafikirie." Akageuka kidogo, akapiga picha namba iliyo kwenye ulimi wa kiatu, akaenda kukiagiza kwenye mtandao. Baada ya wiki anarudi, kiatu kinauma, naomba ukipanue kidogo mama.

Mtu wa nne alipofanya hivyo katika msimu mmoja, Bi Notburga alichukua kalamu nyekundu akaandika bango, akalibandika kwenye kioo cha mlango: HATUTENGENEZI VIATU VISIVYONUNULIWA HAPA. Bango likakaa miaka tisa. Jua lilifubaza wekundu wake, maana yake haikufubaa hata kidogo.

Sasa, biashara hii ina wazimu wake. Skii za mwaka kesho unaziagiza Februari hii, theluji ya mwaka huu ikiwa bado mlangoni. Hujui kama mwaka kesho itanyesha au watu watateleza kwenye majani, lakini utie sahihi. Kwa hiyo baada ya msimu mzuri kila mwenye duka anaagiza kama mlevi, msimu unaofuata ni tope, na Machi wote wanauza kwa nusu bei huku wanalia. Mwaka unaofuata wanaagiza kwa woga, theluji inafika hadi madirishani, na hawana cha kuuza. Wamefanya hivyo maisha yao yote. Ukiwauliza wanasema wanafuata soko.

Wakala wa kiwanda anaitwa Gernot. Huja na gari lililojaa sampuli na tumbo lililojaa chakula cha wenye maduka. Jumatatu ile alikuja kwa Bi Notburga. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuazima bisibisi, na nikakaa kwa sababu kulikuwa na keki.

"Burgl," Gernot akasema, akilifupisha jina lake kama rafiki wa zamani, "safari hii sina maneno matamu. Kiwanda kimeweka kiwango. Ama jozi arobaini za skii, ama wanakufuta kwenye orodha."

"Arobaini! Mwaka huu nimeuza tisa."

"Najua dada'ngu. Ndiyo maana nimekula keki kwanza."

"Na nikikataa?"

"Basi ukuta utabaki mtupu, na yule bwana wa duka la kukodisha atakuja kukuuliza kama unapangisha." Akaninyooshea kidole. "Bosi wake huyu mwenye mdomo uliojaa."

Nilimeza. Ilikuwa kweli. Bosi wangu alikuwa ameshapima upana wa mlango wake kwa macho.

"Njoo Jumamosi," Bi Notburga akasema. "Korbinian anakuja keshokutwa na mtoto. Likizo ya shule. Nitajua wakishakuja."

Korbinian ni mwanawe, mmoja tu, anaishi mjini Linz. Mtoto ni Leni, miaka minane. Chini ya kaunta Bi Notburga alikuwa ameweka jozi ya viatu vyekundu vya mtoto na skii ndogo zilizopakwa nta hadi unaweza kujitazama. Alikuwa amezichagua tangu Oktoba. Alinionyesha, kisha akazirudisha kama mtu anayeficha pombe. Hakuniambia, lakini nilielewa: akimvisha mjukuu wake viatu kwenye lile benchi, atatia sahihi. Duka lingekuwa bado la mtu.

Jumatano asubuhi mlango wetu ukajifungua wenyewe, akaingia Korbinian. Na Leni.

"Nimeshaweka oda kwenye mtandao," akasema, bila kuniangalia sana.

"Wewe Korbi! Mama yako yuko hatua thelathini kutoka hapa."

"Najua alipo mama'ngu."

"Ana viatu—"

"Atakataa nimlipe, halafu atatuweka kwa muda wa saa tatu akitueleza habari za kisigino. Mtoto ana darasa saa nne. Nimemwambia mama kwamba shule ya skii ndiyo inayotoa vifaa. Na wewe usimwambie."

"Mimi kaburi," nikasema. "Kaburi lenye theluji juu."

Nikampa fomu. Kwenye fomu unaandika uzito, maana kibano hukazwa kwa uzito wako: kikilegea unaiacha skii njiani, kikikazwa mno mfupa ndio unaoachia. Akaandika kilo sabini na nane. Bi Notburga alikwishanifundisha mwaka wa kwanza nilipofika: mwanamke muongeze tatu, mwanamume muongeze nane, wote wanadanganya lakini mwanamume anadanganya huku ameingiza tumbo ndani. Nikakaza kwa themanini na sita, nikanyamaza.

Leni nilimvisha kwa dakika mbili. Kulikuwa na foleni hadi nje. "Inabana?" nikamuuliza. "Kidogo," akasema. "Italegea," nikasema. Hilo ndilo jibu letu kwa binadamu wote.

Jioni ile walikwenda kula kwa Bi Notburga. Kesho yake asubuhi nilimwona Bi Notburga akifungua duka. "Walifika?" nikamuuliza, kinafiki.

"Walifika. Shule inawapa vifaa, siku hizi." Akaitazama barabara, upande wetu. "Vizuri. Haina usumbufu."

Akaingia. Kengele ikalia mara moja.

Alhamisi hiyo hiyo, saa saba mchana, darasa la watoto likapumzika. Saa saba ndiyo saa ya supu ya Bi Notburga, donge moja la mkate ndani ya mchuzi, analila kwenye chumba cha nyuma akiwa peke yake na redio. Nilikuwa dirishani kwetu. Nikamwona Leni anavuka barabara kwa ule mwendo wa bata tunaoupata sote ndani ya viatu vile, akafika hadi mlango wa bibi yake, akasimama. Akatazama juu muda mrefu. Kisha akaketi kwenye benchi la nje, juu ya theluji, akaanza kulia bila sauti huku akipambana na bizimu.

Nikaacha wateja, nikavuka.

"Leni, mbona huingii?"

"Siruhusiwi."

"Nani kakukataza?"

Akanyoosha glavu yake kwenye bango. Alikuwa amejifunza kusoma vizuri mwaka ule, na alisoma neno kwa neno, kama mbele ya mwalimu: "Ha-tu-tengenezi viatu vi-si-vyo-nunuliwa hapa." Akavuta kamasi. "Hivi havikununuliwa hapa."

Nikausukuma mlango ili kengele ilie.

Bi Notburga akatoka na kijiko mkononi. Alimwona mtoto, akaniona mimi, kisha akaona stika ya duka letu kwenye kisigino cha kiatu, njano, kubwa, tuliyoibandika ili kisiibwe. Aliitazama ile stika kwa muda ambao supu ingepoa.

"Wewe ndiye uliyemvisha?" akaniuliza.

"Mimi."

"Baba yake aliandika kilo ngapi?"

"Sabini na nane."

"Themanini na sita," akasema.

"Ndivyo nilivyokaza."

"Afadhali." Akainama kwa Leni. "Ingia mama'ngu."

"Lakini bibi, imeandikwa."

"Nimeona ilivyoandikwa. Niliiandika mwenyewe." Akaingiza ukucha chini ya kona ya bango, akavuta. Likatoka nusu, nusu nyingine ikang'ang'ania kioo. "Ingia, baridi inaingia ndani."

Alimketisha kwenye benchi la ndani, akapiga magoti, magoti yakalia. Akafungua bizimu, akavuta kiatu, akasita ghafla.

"Soksi mbili!"

"Baba alisema nitasikia baridi," Leni akasema.

"Soksi mbili ndizo zinazoleta baridi! Damu itapita wapi? Na wewe," akanigeukia, "miaka mitatu uko kwenye kazi hii hukutia hata kidole uone?"

"Kulikuwa na foleni, Bi Notburga."

"Foleni! Mimi nilikuwa na foleni mpaka kanisani, na hakuna mtoto aliyetoka hapa na soksi mbili."

Akavua zote mbili, akaushika ule mguu kwa viganja viwili. Mguu ulikuwa mwekundu, na mgongo wa unyayo umeinuka juu kama kilima. Aliushika tu. Sijui kama wiki ile kuna mtu aliyekuwa amemgusa Bi Notburga, ukiacha mkono wa kuagana.

"Huu ni mguu wa babu yako," akasema mwishowe. "Kiatu chochote lazima kipanuliwe hapa juu. Nilimpanulia miaka thelathini."

Kisha akakumbuka. Akaenda nyuma ya kaunta, akatoa vile viatu vyekundu. Uso wa Leni uling'aa. Akaingiza mguu, akasukuma, akasukuma tena. Kisigino kikabaki juu. Viatu vilikuwa vidogo, tena si kwa kidogo. Alikuwa amevichagua kwa mguu wa mwaka jana.

"Nimekua, bibi," Leni akasema, kama anaomba radhi.

"Umekua," Bi Notburga akasema. "Ndiyo kazi yako."

Akaviweka pembeni, akachukua kile cha kukodi, chenye stika yetu ya njano, akakipasha joto kwa mashine, akakitia chuma cha kupanulia. Kilipokuwa kinapoa, alimsimamisha Leni juu ya karatasi, akauzungushia mguu penseli. Ana sanduku zima la karatasi hizo, miguu ya kijiji kizima, waliohama na waliokufa. Aliandika jina na tarehe, akaitia nyuma ya karatasi ya Leonhard, ya zamani, iliyokunjika kona. Bi Notburga hakuila supu yake. Leni aliilamba yeye, na donge lote.

Jumamosi ni siku ya wageni kubadilishana, magari yanatoka na mengine yanaingia. Korbinian alikuja kuaga, Leni akiwa ameshamsimulia yote. Alisimama mlangoni akiangalia gundi iliyobaki kwenye kioo.

"Mama, sikutaka kukusumbua. Najua una kazi."

"Nani kakwambia nina kazi?" akasema. "Kaa chini nione miguu yako. Unachechemea."

"Tutachelewa barabarani."

"Basi msichelewe."

Leni ndiye aliyemkumbatia, mara mbili. Gari likaondoka. Bi Notburga alikuwa bado nje wakati Gernot alipofika na karatasi zake. Nilikuwa nimekuja kurudisha bisibisi.

"Haya Burgl. Arobaini?"

"Hata moja."

Gernot akakaa. "Duka la skii bila skii?"

"Ziuze hizi zilizobaki kwa mtu yeyote, nusu bei. Mimi niletee soli za ndani, saizi zote, na mashine ya pili ya kupanulia. Hii ya Leonhard inavuja joto."

"Soli hazina kiwango," Gernot akasema taratibu. "Hazina hata faida ya kukulipia umeme, dada'ngu."

"Wewe andika."

Akaandika. Hakula keki siku ile.

Siku hizi mteja wetu akirudi analia vidole, simwambii tena italegea. Namwambia avuke barabara, akamwone mama mmoja, na avue soksi moja kabla hajafika, asije akatukanwa. Bosi amekasirika, lakini malalamiko yamepungua, kwa hiyo amekasirika kimyakimya. Siku nyingine huvuka watatu, siku nyingine hakuna. Ukuta wake ni mtupu, na mahali skii zilipokuwa zimeegemea, mbao za ukuta zimebaki nyeupe, mistari mirefu, jozi kwa jozi. Viatu vyekundu viko dirishani. Hataki kuviuza wala kuvitoa.

Bado anakula peke yake saa saba. Ila supu ameihamishia kwenye kaunta, anaketi akiuelekea mlango, na redio ameizima asije akaikosa kengele.