Miiba ya Makaburi ya Bute

Mvua imenyesha kwetu Bute, na nadhani ni mimi peke yangu hapa Garissa ambaye sifurahi. Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu asubuhi akipiga kelele kama mtu wa harusini. "Abaayo! Dada yangu! Malisho yamerudi! Laga imejaa mpaka juu!" Nikamwuliza, "Na hooyo?" Akasema atakwenda kutazama. Hooyo ni mama yetu. Amelala ukingoni mwa laga hiyo, mwisho kabisa wa mstari wa makaburi ya ukoo wetu.

Kama hukuzaliwa kwetu, nikwambie: laga ni mto usio na maji. Karibu mwaka mzima ni mchanga tu, watoto wanacheza, ngamia wanalala. Halafu siku moja maji yanakuja yakinguruma kama malori. Wazee wetu walizika pale kwa sababu udongo wa ukingoni ni laini. Kwingine ni mawe, unachimba mpaka maiti anakungoja wewe. Tena visima vilikuwa karibu, na kila aliyenywesha mifugo alipita akiwatolea salamu marehemu. Walisema maiti asiachwe mpweke.

Kaburi la kwetu halina maandishi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Majina yalikaa kinywani mwa ayeeyo, nyanya yetu. Kiangazi kikikaribia kwisha alituchukua sisi wasichana kwenda kutengeneza ua wa miiba, maana fisi wa wakati ule hawakuwa na adabu. "Fisi hasomi Fatiha," alisema, "anasoma miiba tu." Tulikata matawi ya migunga pale pale ukingoni, yeye akiyavuta kwa hangool, ile fimbo ndefu yenye ndoano. Mikono ikitoka damu tulilia, naye alitucheka. "Mwiba mmoja tu mnalia, mume mtamweza?"

Kazi ikiisha tulikaa kivulini, akafungua kibuyu cha maziwa ya ngamia yanayonukia moshi. Kabla ya kunywa, unaulizwa. Unaanzia mgunga mkubwa, unakwenda upande wa visima. Huyu nani? Rukia, aliyeumwa na nyoka akitafuta mbuzi. Na hawa? Pacha wa shangazi, hawakuwahi hata kupewa majina, basi twawaita Pacha. Huyu? Mgeni. Alifia njiani akitoka Takaba, hakuna aliyemjua, lakini dua anasomewa kama wetu. Ukikosea, unarudi mgungani kuanza upya, na wenzako wanakumalizia maziwa. Hiyo ndiyo shule niliyomaliza. Ile nyingine sikukaa sana.

Tuliendelea kukata miiba, hata ayeeyo alipokuwa naye ni wa kutajwa, hata hooyo alipomfuata. Tuliwakinga na fisi, na hakuna aliyefikiri kwamba mizizi ya migunga ile ndiyo iliyoshika ukingo, wala kwamba mti unaokatwa kila mwaka hufa na mizizi yake. Leo fisi humsikii hata kwa mbali. Imekuja laga badala yake, na kila mvua inamega kipande.

Sheikh alishasema marehemu wahamishwe, maji yakitisha inaruhusiwa. Wanaume wakasema kiangazi kipite kwanza. Walikuwa mbali na mifugo, na mifugo ilikuwa inakufa. Nani ataacha ng'ombe anayekufa leo aende kwa mtu aliyekufa zamani? Siwezi kuwalaumu.

Baada ya adhuhuri mdogo wangu akapiga tena. Yuko ukingoni na vijana wenye majembe. "Abaayo, maji yameshuka kidogo. Sema hooyo yuko wapi, tumtoe haraka."

"Anzia mgunga mkubwa."

"Mgunga gani? Hapa hakuna mgunga."

"Basi anzia visima, urudi nyuma."

"Wallahi, visima ndiyo hayo maji ninayoyaona."

Nikamtajia wote, mmoja mmoja, kwa mpango ule ule wa ayeeyo, huku nasikia maji yakinguruma nyuma ya sauti yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Majina unayo yote, dada. Lakini mimi naona mawe tu, sijui mstari ulianzia wala kuishia wapi." Ningekuwa pale ningeijua sura ya jiwe la hooyo. Lakini miguu yangu haifiki hata dukani, na barabara imekatika.

Jirani akaingia na sahani ya anjera, zile chapati zetu laini, za moto, uso unang'aa. "Mama, hongera! Kwenu kumenyesha!" Ningemwambia nini? Kwetu mvua haikataliwi, hata ikikuingilia kitandani. Mwanamke wa wafugaji atamwombaje Mungu aizuie? Nikapokea sahani, nikasema Alhamdulillahi, naye akaitikia kwa moyo wote.

Alipotoka nikaanza tena peke yangu, kuanzia mgunga mkubwa ambao haupo. Rukia. Pacha. Mgeni. Nawafuata wote mpaka nafika kwa hooyo, na hapo nakwama. Kumtolea salamu nataka. Sijui tu nigeukie wapi, ukingoni, au kule maji yanakokwenda.