Utomvu wa Ndizi Kichwani Siku ya Kutambulishwa

Naomba mnicheke sasa hivi mmalize, maana nikifika mwishoni nitahitaji mninyamazie kidogo. Mimi ni fundi wa nywele, nina saluni yangu Nyanga, pale Bukoba mjini, watu wananiletea vichwa vyao kwa imani kamili, halafu siku ya kutambulishwa kwangu, mbele ya wakwe, kichwa changu mwenyewe ndicho kilichoniaibisha, na ndugu zangu wa Muleba wanaisimulia habari hiyo mpaka kwenye misiba.

Nilikuwa na nywele fupi za blondi. Nilizipiga blichi mwenyewe, Deo (mchumba wangu, kwao Buhembe) akazipenda, baba akazichukia, mama akaingilia kati, ndipo baba akasema haya, ila siku ya wageni asione kichwa chenye rangi mbili. Na alikuwa na haki, kwa sababu nywele nyeusi zilishaota chini upana wa kidole kizima, zimekutana na ile dhahabu kwa mstari mmoja ulionyooka utadhani nimevaa kofia. Kwa fundi hiyo ni kazi ndogo. Unachukua rangi ya kahawia, unaipaka pale weusi unapoishia, halafu unaivuta kwa kitana kuielekea dhahabu, hapa unavuta ndefu, pale fupi, usifuate mpango wowote, mpaka mtu akitazama asijue weusi umeishia wapi na dhahabu imeanzia wapi. Wateja wangu nimewafanyia hivyo sijui mara ngapi.

Sasa asubuhi ya siku yenyewe niko kwa wazazi Muleba, nafungua mkoba, kitana kipo, brashi ipo, glavu zipo, rangi nimeiacha saluni. Nikatoka nje nimechanganyikiwa, nikamkuta mama na wanawake wa jirani wanamenya ndizi nyuma ya jiko, mikono yao imeshakuwa myeusi kwa utomvu, na nikaganda naiangalia ile mikono. Nani kwetu hajaharibiwa gauni na utomvu wa ndizi? Ukishashika umeshika, unaweza kufua mpaka nguo ichanike. Nikachukua bakuli, nikakinga utomvu kutoka kwenye maganda na mikungu (mama akauliza wa nini, nikamwambia wa saluni, naye akaona ni elimu ya mjini), nikaingia chumbani.

Nikapaka kwenye mashina, nikavuta kwa kitana kama ninavyojua. Hakuna kitu. Maji tu. Nikapaka tena, nikavuta mpaka nchani, bado dhahabu ni ileile na mstari ni uleule, nikaona labda ni mwepesi, nikamwaga bakuli lote na kusugua kwa viganja, jasho la paji la uso nikalifuta kwa viganja hivyohivyo. Hakuna kitu. Kwenye nguo tunaona doa jioni, tayari jeusi, lakini nani amewahi kukaa akalitazama linavyoanza? Tena mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku kwamba nywele iliyopigwa blichi inanyonya chochote utakachoigusisha. Mdogo wangu Adela akaja mbio kusema wageni wamefika kabla ya saa, nikakata tamaa na kutoka na mstari wangu.

Nikawapigia magoti wakwe kwenye nyasi mbichi tulizotandaza, nikawapa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu za desturi yetu, shangazi yake Deo akanitazama utosini muda mrefu akasema, "Nywele zako zinang'aa, waitu," yaani mpendwa wetu, sikujua kama ni sifa au lawama. Nikarudishwa chumbani, Adela akanifunika kanga kichwani nisubiri kuitwa tena. Nilisubiri kama saa mbili, joto, kichwa kinakaza kama kimepigwa gundi, na mle ndani dirisha limefungwa, giza, wala hakuna kioo zaidi ya kile kidogo cha Adela cha kupakia wanja nilichotumia asubuhi, naye sasa alikuwa nacho sebuleni.

Nikaitwa. Mlangoni Adela akavuta ile kanga, akanitazama, akataka kusema kitu, ila tayari nilikuwa nimeshaingia.

Mshenga wao akasimama kwa adabu akasema asanteni, binti ni mzuri, ila siye huyu, tunamwomba yule wa dhahabu aliyetupa kahawa. Wanawake wakacheka, kwa sababu siku hizi kuna ule mchezo wa kumtanguliza msichana mwingine wageni wamkatae, ndipo aletwe mwenyewe. Lakini baba alishakataa mchezo huo tangu mwanzo kwamba ni upuuzi wa mjini, kwa hiyo msemaji wetu akajibu ndiye, hatuna mwingine. Mshenga akacheka, akakataa tena. Msemaji wetu akarudia ndiye, safari hii bila kucheka. Mimi nimesimama katikati sielewi kwa nini nakataliwa, namtazama mama, mama ameshika mdomo, namtazama baba, baba anaanza kuinuka kwenye kiti, na wakwe nao wameshaanza kununa wakiona wanadhihakiwa.

Shangazi akamgeukia Deo. "Deo, huyu ndiye?"

Deo akanitazama. Akainamisha macho.

"Sina uhakika, shangazi."

Jamani, niliumia. Bibi harusi hatakiwi kusema mpaka aulizwe, lakini nilikuwa naona kila kitu kinavunjika, nikajishika kichwa, nikatazama kiganja, nikaelewa.

"Deo, ni mimi. Ni utomvu wa ndizi."

Shangazi akanyanyuka, akaja, akasugua paji langu la uso kwa kidole gumba, akanigusa nywele (zilikuwa zimekakamaa, nyeusi hapa, kijivu pale, michirizi mpaka masikioni), akanusa kidole. Amemenya ndizi maisha yake yote yule mama. Akawageukia wenzake akasema, "Ndiye. Mtoto wa watu amejimenyea ndizi kichwani." Basi walicheka wakwe, wakacheka wetu, jikoni wakacheka kabla hata ya kuambiwa, baba akakaa chini na kutazama dari, na mambo yakaendelea hadi wakakubaliana.

Jioni wakati wageni wanaingia kwenye gari nilimvuta Deo kando kwa hasira, nikamuuliza ina maana nywele tu zikibadilika hunijui? Akasema alinijua tangu natokeza mlangoni.

"Wiki nzima ulikuwa unanikatia simu, unasema una wateja. Nikadhani umejipaka hivyo makusudi nikukatae mimi, ili usilazimike kunikataa wewe mbele ya baba yako."

Wateja nilikuwa nao kweli, ilikuwa wiki ya Pasaka. Nilishindwa kujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili, michirizi ikashuka mpaka kwenye gauni.

Nilinyoa zote. Nimeolewa naye sasa ni mwaka wa pili, na nimeapa kutogusa tena kichwa changu kimyakimya: nikitaka kubadili hata rangi ya rasta nampigia kwanza, namwambia, "Deo, ni nywele tu."