Baba Mdogo Anataka Niuseme Uongo Wake kwa Kihaya

Bwana Mhariri, naomba ulifiche jina langu. Jambo hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio.

Mimi ni mvulana wa miaka kumi na saba, nasoma hapa Bukoba. Naona haya kusema mbele za watu, lakini hedimasta wetu Mwingereza hunifanya mkalimani wake wanapokuja wazazi wasiojua ila Kihaya.

Naishi Buhembe kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu. Ndiye anayenisomesha. Zamani alikuwa hodari wa mpira wa magongo huko Dar es Salaam. Wagoa aliowapikia ndio waliomtoa jikoni wakamtia timuni. Mwaka huu alipofanywa mwalimu wetu wa mchezo huo, tulishangilia mno.

Basi tukimwuliza, "Mwalimu, gongo unaligeuzaje?" hujibu, "Nageuza tu. Huna macho?" Kisha huchukua mpira, akatupita sote, akafunga, akatutukana: "Mikono yenu imejaa ebitoke, ndizi tupu!" Mwanzoni tulicheka.

Golikipa wetu ni rafiki yangu Pastori, kifungua mimba wa mzee mmoja wa Kishanda, Muleba. Siku moja wenzetu walikuwa upande wa pili wa uwanja, mimi niko karibu na goli. Baba mdogo akamwambia, "Vua hizo kinga za miguu. Golikipa akijua hataumia, haangalii mpira."

"Mwalimu, mpira wenyewe mgumu kama jiwe."

"Mimi nilizivaa lini?"

Yeye golini hajapata kusimama maishani mwake. Pastori akavua. Baba mdogo akapiga kwa nguvu zake zote za ujana. Goti la Pastori lililia kama kuni inayovunjwa. Daktari anasema halitakunjika tena.

Jioni ile chakula hakikulika. Baba mdogo alishika gongo uani akanieleza: "Uzito niliuweka mguu wa kushoto, kifundo cha mkono nikakilegeza, nikakikaza mwishoni. Pigo halikuwa na kosa." Ndivyo tulivyomwomba atufundishe tangu mwanzo. Sijamsikia akieleza pigo jingine lolote.

Mwisho wa mwezi mzee wa Pastori atafika shuleni. Baba mdogo amekwisha mwambia hedimasta kwamba Pastori alivua mwenyewe, kwa majivuno. Mkalimani ni mimi. Nisimame kati yao, nimwambie mzee yule, "Waitu, mzee wangu, mwanao alijiponza," kwa lugha niliyonyonyeshewa? Na nikikataa? Baba mdogo amesema, "Mwanangu, kazi yangu hii ndiyo shati ulilovaa."

Jana hospitali Pastori aliniuliza juu ya baba yake, "Tata akija, wewe utamweleza vizuri, siyo?"

Nikaitikia.

Ndugu wasomaji, nishaurini upesi, kinywa changu nikitumie vipi siku hiyo? Nasikia gongo lake likiburuzwa uani, anakuja huku mlangoni. Karatasi naisukuma chini ya mk...

(Barua imeishia hapa. – Mhariri)