Zamu Yetu kwenye Ndiva

Asubuhi ile kwenye ndiva, bwawa letu la udongo linalokusanya maji ya mfereji, tulikuwapo baba mdogo, mgawa maji, jirani yetu mjane mwenye mguu mbovu, mwanawe, wadogo zangu wawili, watu wa kaya nyingine za kijiji chetu cha Suji, na mimi. Wenzangu walishika majembe na makarai. Mimi nilikuwa na begi la chuo.

Ulikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope. Kaya isiyozoa haipewi zamu ya maji, na watoto hawahesabiwi. Tangu wazazi wetu wafariki, mtu mzima wa kaya yetu ni mimi. Ndiyo maana niliachia shule kidato cha pili. Miaka ikapita ndipo nikarudi kusoma, mpaka nikapata nafasi ya cheti cha sayansi ya jamii katika chuo kimoja mjini Same. Nashuka Jumatatu, napanda Ijumaa.

Misaragambo iliyotangulia ilianguka siku za masomo, sikwenda. Maharage yetu yalikuwa yametoa maua na mvua imekata. Bila maji ya wiki ile yangekauka, na chakula chetu kilikuwa hicho. Lakini siku hiyohiyo nilikuwa na mtihani. Aliyeukosa alirudia mwaka. Gari la kushuka ni moja tu.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia baba mdogo.

"Marahaba. Na begi hilo?"

"Nina mtihani."

"Wa nini?"

"Sayansi ya jamii. Namna watu wanavyoishi pamoja."

Akawageukia wenzake ndani ya tope. "Mmesikia? Anakwenda Same kufundishwa kuishi na sisi."

Walicheka. Mdogo wangu wa kike naye alicheka, kisha akaziba mdomo.

Mgawa maji hakucheka. "Mwanangu, nikikupa wewe bure, nitamnyima nani?"

Honi ya gari ikalia kule barabarani. Niliweka begi chini, nikaanza kufungua viatu.

"Vaa viatu," alisema yule jirani. Yeye alikuwa ameleta uji tu; kaya yake ilisimamiwa na mwanawe. Akajifunga kanga kiunoni. "Nasimama badala yake."

"Na huo mguu?" baba mdogo akamuuliza.

"Mguu ni wangu."

Nikakimbia. Kwenye mtihani tuliulizwa maana ya ushiriki wa jamii. Nilieleza msaragambo, na nikaeleza vizuri. Nilifaulu. Maharage yalipata maji.

Ijumaa nilimpelekea jirani sukari, akairudisha. "Tope halilipwi kwa sukari. Nikikuhitaji nitakuita."

Aliniita wakati wa likizo. Mwanawe alikuwa ameshuka Hedaru kutafuta kibarua cha kupakia malori, na mbiu ya msaragambo imepigwa. Nikaenda kwa mgawa maji kumwomba nizoe kwa ajili ya kaya zote mbili.

"Mtu mmoja hasimamii kaya mbili," alisema. "Chagua."

Nilizoa kwa ajili ya kaya yetu. Jirani aliingia mwenyewe, akasimama karibu yangu, akawa ananipokeza karai. Jua lilipokuwa kali aliniuliza kama wadogo zangu wamekula.

Mwanawe hajarudi. Chuo kimefunguliwa, nimeshuka tena, na tope lake sijalizoa.